Dawa Iliyoandikwa Jina Langu

Kisilu alinipigia simu Jumanne asubuhi nikinywa chai, akaniuliza nimeenda choo mara ngapi wiki hiyo.

Kisilu ni mkwe wangu, mume wa binti yetu Mutindi. Ni daktari katika kliniki moja ndogo huko Kibwezi. Kwa miaka tisa aliyokuwa mkwe wangu tumezungumzia mvua, bei ya ndengu, mbuzi, na wakati wa uchaguzi tumezungumzia siasa mpaka tukakaribia kukosana. Choo hatukuwahi kukizungumzia hata siku moja. Nikangoja acheke ili nami nijue pa kuchekea.

"Baba, usione aibu," akasema. "Ni kitu cha kawaida kwa watu wa umri wako."

"Umri wangu umefanya nini?"

"Ni mara moja kwa wiki? Mara mbili?"

Nikamweleza, kwa sauti ambayo nina hakika ilifika mpaka sokoni Matiliku, kwamba mimi Mutunga nina miaka sabini na moja na naenda choo kila siku nikimaliza kikombe cha pili. Nikamwambia kama si yeye na simu yake, saa hiyo ningekuwa huko. Kisilu alivuta pumzi ndefu.

"Mama alimwambia Mutindi utakataa," akasema kwa upole. Upole wenyewe ndio ulionipandisha hasira. "Nitakuandikia dawa, baba. Nitaituma na gari la Emali."

Akakata simu. Nikabaki nimeishika, nikaiangalia mbele na nyuma kana kwamba jibu lilikuwa limebandikwa mahali.

Mke wangu Kasiva alikuwa uani anapepeta ndengu. Nikamwuliza alimwambia nini Mutindi kunihusu. Hakuinua uso. "Daktari akikuuliza kitu, mjibu vizuri," akasema. "Mbona unamfokea mtoto wa watu?" Kisha akaendelea kupepeta. Nina mdomo mkali, kila mtu anajua, lakini mdomo mkali unataka kitu cha kushika, na hapa hapakuwa na mwanzo wala mwisho.

Ijumaa dawa ikafika. Kijisanduku cha vidonge thelathini, na karatasi ya Kisilu yenye muhuri wa kliniki. Jina langu lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa: MZEE MUTUNGA. Kidonge kimoja kila asubuhi, tumbo likiwa tupu, nusu saa kabla ya chai. Hii ni dawa ya kuandikiwa na daktari, asipewe mtu mwingine. Nikasoma mara tatu. Kasiva akanyoosha mkono akaichukua.

"Nitakuwekea," akasema.

"Ya nini? Mimi si mgonjwa."

"Basi nitakuwekea mpaka uwe mgonjwa."

Akaenda nayo ndani.

Wiki mbili zikapita. Dawa sikuiona tena, wala Kasiva hakunipa hata kidonge kimoja, na hilo likanichanganya kuliko yote. Kama walidhani naumwa, mbona hawanitibu? Kama hawakudhani, mbona walinitumia dawa? Halafu Jumapili kanisani, wakati wa kuombea wagonjwa, pasta akainua mkono akasema tumkumbuke mzee wetu Mutunga, ambaye tumbo lake limefungwa. Akina mama wakaitikia kwa uchungu. Nilikuwa nimekaa benchi la pili, nimeshiba uji na mandazi matatu, sina taabu yoyote duniani.

Kumbe Mutindi aliandika kwenye kundi la ukoo la simu kwamba baba amefunga choo tumwombee, na kundi la ukoo halijui kufunga mdomo. Tulipotoka nje wanaume wenzangu walinipa mkono wakiushikilia muda mrefu, kama watu wa matanga. Kufikia Jumatatu jioni nilikuwa nimeletewa mapapai matano.

Nitakiri jambo ambalo silioni fahari. Mtu akiambiwa na mke, binti, daktari na kanisa zima kwamba anaumwa, anaanza kujisikiliza. Nikajibonyeza tumbo. Nikahesabu mara zangu. Nikawaza, labda kuna namna ya kufunga choo ambayo mwenyewe huijui, na hawa wote wameiona. Jumanne asubuhi Kasiva akiwa ameenda kisimani, nikaanza kuitafuta dawa yangu. Niliipata nyuma ya sahani za wageni. Ndani kulikuwa na vidonge kumi na tatu tu. Vingine vilienda wapi sikuelewa, lakini nikameza kimoja, nikangoja nusu saa kama karatasi ilivyosema, nikanywa chai.

Yaliyofuata sitayaeleza yote. Niseme tu kwamba kutoka nyumbani mpaka chooni ni hatua arobaini, na asubuhi hiyo nilizipiga mara sita, mbili kati yake nikikimbia. Nilipotoka mara ya mwisho, nimeshika ukuta, Kasiva alikuwa amesimama mlangoni na kijisanduku mkononi. Nilitegemea atanionea huruma.

"Umekunywa yangu!" akasema. Macho yalikuwa yamejaa machozi.

Nikakaa chini kwenye kizingiti, kwa sababu miguu ilikuwa imekwisha na akili pia. "Yako vipi? Si imeandikwa jina langu?"

Hapo ndipo aliponiambia, akiangalia miguu yake. Aliyefunga choo ni yeye. Ilianza miezi mitatu nyuma. Kwanza siku tatu bila kwenda, kisha nne, kisha tano, na akienda anaumia mpaka anashika mlango. Alinunua dawa zote za kununua bila cheti, za maji na za unga, hazikufua dafu. Duka la dawa likamwambia za nguvu zaidi lazima daktari aandike. Kwenye zahanati ya hapa nesi anaimba naye kwaya ya akina mama, Kasiva sauti ya kwanza, nesi sauti ya pili, na kwaya ile ni redio. Daktari mwingine aliyemjua ni mmoja tu.

"Na Kisilu ni mkwe wangu," akasema. "Nitamwambiaje?"

Msiomjua Kasiva, ngoja niwaeleze. Sisi Wakamba tuna heshima tunayoiita nthoni. Mama mkwe na mkwe hawaangaliani usoni, hawali pamoja, hawapitani njiani karibu karibu, na mambo ya mwili hayatajwi kabisa kati yao. Vijana wa siku hizi wameiacha. Wengine wanakumbatiana na mama mkwe hadharani wakipigwa picha. Pasta naye alishahubiri kwamba hayo ni ya zamani, na Kasiva akaitikia amina kubwa kuliko wote, akarudi nyumbani na kuendelea kama kawaida. Kwa miaka tisa Kisilu akija anamsalimia akiwa ameangalia ghala. Chakula anakipakua yeye, anakileta mwingine. Kama kuna neno, analipitisha kwa Mutindi au kwangu. Sasa angeanzia wapi kumwambia kijana huyo habari za choo chake?

Kwa hiyo akatumia changu.

Nikacheka. Nilicheka mpaka tumbo likanionya nisicheke. Kisha nikaona hacheki.

"Mama yangu alianza hivi hivi," akasema. "Kule Kanyangi. Tumbo likafunga, likavimba, wakampa dawa za miti na dawa za duka, na walipompeleka hospitali wakasema kuna kitu kimeota ndani. Hakurudi nyumbani." Akajishika chini ya kitovu. "Hii dawa isipofanya kazi, Mutunga, nitajua ni kile kile."

Nikaogopa. Sijui kusema vinginevyo. Tumekaa pamoja miaka arobaini na sita, na wazo kwamba Kasiva anaweza kunitangulia lilikuwa halijawahi kukaa kichwani mwangu hata dakika moja, kwa sababu siku zote tulikubaliana ni mimi nitakayeanza. Nikamsihi twende hospitali. Akakataa. Nikamwambia nitamweleza Kisilu mimi mwenyewe. Akanishika mkono kwa nguvu, akaniapisha nisitaje jina lake kwa mkwe, mbele ya Mungu. Nikaapa. Nilikuwa tayari kwa chochote, maadamu aache kulia.

Basi nikawa mgonjwa.

Alhamisi Kisilu akapiga simu kuuliza dawa inaendeleaje. Nilikaa kwenye kigoda nje, simu nimeiweka kwenye spika, Kasiva akasimama mlangoni mwa jikoni, mbali kidogo, ananipa majibu kwa ishara.

"Baba, ni siku ngapi sasa?"

Kasiva akainua vidole vitano. "Tano," nikasema.

"Kuna maumivu?" Akatikisa kichwa kukubali. Nikasema yapo.

"Umeona damu?" Kasiva akafunika uso na leso, kisha akatoa vidole viwili vimekaribiana, kidogo sana. Mimi nilikuwa sijui habari ya damu. "Kidogo," nikasema.

"Umepungua mwili?"

Kasiva akavuta gauni kiunoni, likaja mbele kama gunia. Nikamwangalia, nikamwangalia tena. Lini alikonda hivyo? "Nguo zimenilegea," nikasema, na mkono mwingine nilikuwa nimeuweka juu ya kitambi changu.

Kisilu akaendelea. "Katika familia, kuna mtu aliwahi kuwa na ugonjwa wa tumbo? Kitu kama uvimbe?"

"Yuko," nikasema haraka, maana hili nililijua bila ishara. "Mama mkwe wangu."

"Baba, mama mkwe si damu yako. Nauliza upande wako."

Nikachanganyikiwa. Upande wangu ni upi? Mgonjwa ni mimi lakini tumbo ni la Kasiva, na mama ni wa tumbo, si wa mgonjwa. "Upande wangu hakuna," nikasema hatimaye, na ulikuwa ukweli mtupu, na ulikuwa uongo.

"Sawa. Na dawa zingine je? Kuna dawa yoyote unatumia kila siku? Ya presha, ya maumivu?"

Wakati huo kuku alikuwa ameingia jikoni na Kasiva alikuwa amegeuka kumfukuza. Sikuona haja ya kumngoja. "Hakuna," nikajibu. "Mimi hata ya kichwa sinywi." Na kweli mimi sinywi.

Kisilu akasema hiyo dawa iendelee, ila damu na kukonda havimpendezi. Jumamosi ya wiki iliyofuata atakuja na gari anipeleke hospitali kubwa, kuna kipimo cha kamera ndogo inayoingizwa ndani ya utumbo, ni muhimu sana, nisikatae. Nikauliza inaingilia wapi. Akaniambia. Nikamshukuru, nikakata simu.

Kasiva alipoelezwa aliona ni habari njema. "Nenda," akasema. "Wakikuta tumbo lako ni zima watajua kinachokufunga si uvimbe, wataandika dawa kali zaidi."

"Lakini litakuwa zima kwa sababu ni langu!"

"Ndiyo. Sasa si vizuri?"

Nilijaribu kumweleza. Nilichora hata na kijiti kwenye vumbi, tumbo langu hapa, lake pale. Aliangalia michoro ile akasema, "Wewe nenda tu, Mutunga, tafadhali." Ilikuwa ni woga uliokuwa unazungumza, na woga haufuati mchoro. Nami kwa jinsi nilivyovurugika nilianza kufua shati la safari.

Siku zilivyosogea akaacha kula. Muthokoi wa mahindi na maharagwe aliupika akaniwekea, yeye akanywa maji tu. Kidonge alikimeza kila asubuhi kwa imani, na hakikuleta kitu zaidi ya kumsokota. Kufikia Ijumaa tumbo lilikuwa limejaa mbele likawa gumu, mtu angedhani ana mimba. Nikamsihi tena. Akasema kesho, baada ya kamera yako.

Jumamosi alipoamka alianza kutapika.

Kisilu alifika saa nne, peke yake. Mutindi alikuwa na masomo ya Jumamosi shuleni anakofundisha. Kasiva aliposikia gari aliingia jikoni akasukuma mlango. Kisilu akashuka, akasalimia mlango wa jikoni akiwa ameangalia pembeni kama desturi, na mlango haukuitikia.

"Mwaitu yuko salama?" akaniuliza. Mwaitu ndiyo namna yetu ya kumwita mama.

Nikasema, "Kisilu, mgonjwa si mimi."

Akanishika bega. "Mama alisema utakataa."

"Sikatai! Nakwambia si mimi!"

"Wazee wengi wanaogopa hiki kipimo, nau. Watakupa sindano ya usingizi, hutasikia kitu." Akafungua mlango wa gari. Nau ni baba, na aliitamka vizuri kama mtu anayembembeleza ng'ombe apande lori. Nikajua jambo moja la ajabu: nimetengeneza uongo ambao ukweli wangu hauwezi kuuvunja. Kila nikikana, ndivyo ninavyoumwa. Na jina la mgonjwa nilikuwa nimeapa kutolitaja.

Nikafanya lililokuja kichwani. Nikalala kwenye benchi la nje, nikavuta shati la safari mpaka kifuani. "Shika tumbo," nikamwambia. "Wewe ni daktari. Shika."

Akainama akabonyeza. Akabonyeza upande huu, akabonyeza upande ule, uso ukaanza kubadilika. "Hili tumbo ni laini," akasema.

"Ndiyo nakwambia!"

"Mara ya mwisho ni lini?"

"Leo. Saa moja asubuhi. Na ilikuwa nzuri."

Kisilu akanyooka. Akaniangalia kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta ni sebule ya watu wengine. "Sasa sielewi, baba. Siku tano, damu, nguo kulegea, mambo yote ulisema kwa simu... hilo tumbo lilikuwa la nani?"

Nilimwangalia, na sikuthubutu kuangalia jikoni. Ulimi wangu huu ambao haujawahi kuwa na breki ulikuwa umekwama. Kule ndani sufuria ikaanguka, tukasikia mtu anatapika, akatulia, akatapika tena.

Kisha sauti ya Kasiva ikatoka nyuma ya mlango, nyembamba lakini wazi.

"Ni langu. Siku kumi na nne."

Kwa miaka tisa sikuwahi kumsikia akimsemesha Kisilu moja kwa moja. Kisilu naye nadhani hakuwa amewahi. Alisimama kama aliyeitwa na mwalimu. Halafu akaenda mpaka ukuta wa jikoni, akaupa mgongo, akaangalia shamba, na akaanza kumwuliza akiwa amesimama hivyo hivyo. Nilikaa benchini na shati langu juu, hakuna aliyenihitaji.

"Mwaitu, kutapika kumeanza lini?"

"Leo."

"Upepo unatoka?"

"Tangu jana hapana."

"Kuna dawa nyingine unakunywa kila siku?"

"Hizi za goti tu. Nyeupe. Nilizipata kwa duka la dawa, wananifungia kwa bahasha."

"Ngapi kwa siku?"

"Tatu. Tangu miezi minne."

Kisilu alifumba macho akagonga kisogo ukutani polepole. Akaniambia, bila kugeuka, nimletee bahasha ile. Sikujua iko wapi. Sikujua hata kama kuna bahasha. Kasiva akaitelezesha chini ya mlango, nikaiokota, Kisilu akasoma maandishi ya kalamu yaliyokuwa juu yake.

"Hizi zina kodeini," akasema. "Zinatuliza maumivu na zinalaza utumbo. Utumbo unasimama kabisa. Mimi nikauliza kuna dawa nyingine, nikaambiwa hakuna." Hakunilaumu kwa sauti. "Na tumbo likishaziba, dawa niliyoandika haifai hata kidogo, ni hatari. Nilikosea. Sikupaswa kuandika bila kumwona mgonjwa." Akageuza uso upande wa mlango, akausimamisha hapo. "Mwaitu, lazima nikuguse tumbo kabla hatujakuweka kwenye gari. Utaniwia radhi."

Kasiva hakufungua. Nilitaka kumfokea, Mungu anisamehe, nimwambie huu si wakati wa nthoni. Kisha akasema, "Fumba macho."

"Nimefumba."

"Mutunga akulete."

Basi nilimshika mkono daktari aliyefumba macho nikamwingiza jikoni, nikimwonya hapa kuna jiko, hapa kuna beseni, inua mguu. Kasiva alikuwa amelala kwenye mkeka amejifunika uso na leso. Nikaushusha mkono wa Kisilu mpaka kwenye tumbo la mke wangu. Vidole vyake vilisogea polepole, vikasimama mahali, vikarudi. Hakufumbua macho hata alipopiga magoti kwenye majivu. Nikasema moyoni, kama ni kile cha mama yake, nitajiua kwa hasira.

"Twende," Kisilu akasema.

Alimbeba mpaka garini mwenyewe. Safari hiyo alikuwa amefumbua macho, maana kuna mawe.

Hospitali walimchukua wakanifungia nje. Nesi mmoja alinijia na fomu. Alizaliwa mwaka gani? Anadhurika na dawa gani? Alishawahi kufanyiwa operesheni? Goti linaumwa tangu lini? La kwanza nilikisia, la mwisho sikulijua, na yale ya katikati nilimwambia amwulize daktari Kisilu. Alinitazama akaniuliza mimi ni nani kwa mgonjwa. Nikasema mumewe. Akaandika hilo.

Walimpiga picha, wakamsafisha tumbo siku nzima na siku ya pili yake, wakamwekea maji ya mshipa, na kamera niliyoandikiwa mimi ikamwendea mwenyewe. Jumatatu alasiri Kisilu alikuja na karatasi. Nilisimama haraka, nikanyoosha mkono kuipokea, maana siku zote habari za kwenda kwa Kasiva zinapita kwangu. Akanipita, akafungua pazia la kitanda chake, akaingia, akalifunga nyuma yake. Nikabaki nje nimeshika viatu vya Kasiva, ambavyo nesi alinipa nivitunze.

"Mwaitu, si kile cha mama yako," nikamsikia akisema. "Hakuna kitu kimeota. Ile damu ni kijidonda cha kujikaza. Kilichofunga ni zile dawa za goti. Goti tutalitibu kwa njia nyingine, na choo nitakuandikia dawa ya taratibu, kwa jina lako."

Nikasikia Kasiva akilia, kilio kile cha mtu anayetua mzigo. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, mgonjwa wa kitanda cha jirani akaitikia. Nilikuwa nashika pazia niingie nimkumbatie mbele ya mkwe na hospitali nzima, wakati Kisilu aliposema tena.

"Lakini mbona tatu kwa siku, mwaitu? Na mbona hukuambia mtu goti limefika hapo?"

"Nilianza na kimoja," Kasiva akasema. "Lakini usiku likiuma naguna. Nikiguna Mutunga anaamka, na akiamka ananigombeza mpaka asubuhi. Nikinywa tatu siguni. Anapata usingizi."

"Na yeye hakuwahi kuuliza?"

"Angeuliza nini, na yeye amelala?"

Kisilu akacheka kidogo, na Kasiva akacheka pia, kicheko kidogo cha mtu aliyechoka. Mkono wangu ulikuwa bado umeshika pazia. Niliuachilia. Nikaangalia viatu nilivyobeba, vile vile ambavyo nimeviona mlangoni kila siku, na nikaona kisigino cha kushoto kimelika upande mmoja mpaka karibu kinaisha, na cha kulia bado ni kizima.